Nimewalipia wenzangu safari kwa siri, na sasa ada ya mtoto inadaiwa

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa muda mrefu, na sikutarajia kwamba siku moja ningekuandikia kwa sababu ya safari ya kufurahi na marafiki. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, ninaishi Tabata, Dar es Salaam, nina mume na watoto watatu, na ninatunza vitabu vya mauzo katika duka la vifaa vya ujenzi. Kwa kuwa kazi yangu ni hesabu, wenzangu walinichagua kuwa mweka hazina wa safari yetu, na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza.

Tuko wanawake 12 tuliosoma pamoja shule ya bweni mkoani Morogoro na kumaliza kidato cha nne mwaka 2005. Mwishoni mwa mwaka jana tulitimiza miaka 20, tukakubaliana kwamba mwaka huu tusafiri pamoja kwa siku chache, kwa sababu siku hizi tunaonana misibani tu. Tulichagua Zanzibar, kulala usiku 3 katika nyumba ya wageni ya kawaida Mji Mkongwe, na kila mmoja alitakiwa kuchanga shilingi 280,000 kwa awamu tatu: 80,000 mwezi Januari, 100,000 mwezi Machi na 100,000 mwezi Mei. Tarehe tulipanga ziwe za sikukuu ya Nane Nane, kuanzia tarehe 7 Agosti, kwa sababu mwenzetu mmoja anayefanya kazi Muscat, Oman, atakuwa likizo nyumbani baada ya miaka miwili.

Awamu ya kwanza wote walilipa. Ilipofika Machi, rafiki yangu wa karibu kuliko wote, ambaye shuleni tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu na mimi chini, alinipigia usiku. Ana genge la mboga na matunda Mbagala, na mume wake hana kazi tangu mwaka jana. Aliniambia kwamba hana 100,000 na haoni atakapoipata, kisha akaniomba kwa sauti ya kulia nisiwaambie wenzetu. Shangazi, sikuweza kuvumilia. Nilichukua fedha zangu nikaandika kwenye orodha kwamba amelipa, na Mei nikafanya hivyo tena. Wengine wawili nao walichelewa, wakaniahidi kutuma mwisho wa mwezi, nami nikawajazia, mmoja 140,000 na mwingine 120,000, ili orodha iwe safi. Kwa jumla nimetoa shilingi 460,000, mbali na mchango wangu mwenyewe.

Mwishoni mwa Machi, baada ya kuweka orodha kwenye kundi letu la WhatsApp, mwenzetu wa Muscat aliandika kwamba amefurahi kuona wote tumelipa, na kwa kuwa miaka 20 haiji mara mbili, tusilale mjini bali twende hoteli ya ufukweni Nungwi. Hoteli aliyoipata ni shilingi 160,000 kwa chumba cha watu wawili kwa usiku mmoja, pamoja na chai ya asubuhi, hivyo mchango ukapanda kutoka 280,000 hadi 410,000 kwa kila mtu. Aliongeza kwamba yeye ametenga shilingi 500,000 za kuwasaidia watakaokwama, na akaandika: "Asiyeweza aseme tu, sisi ni ndugu." Hakuna aliyesema. Watu 6 waliweka alama ya kidole gumba, tukachukulia kwamba tumekubaliana, na katikati ya Mei nikalipa malipo ya awali ya shilingi 1,440,000, ambayo ni nusu ya gharama ya hoteli. Masharti yao ni kwamba tukighairi siku 30 kabla ya kufika tutarudishiwa nusu ya tulicholipa, na baada ya hapo haturudishiwi kitu.

Hadi leo, katikati ya Juni, nyongeza ya 130,000 imelipwa na watu 4 tu. Rafiki yangu wa Mbagala hajui kwamba nimemlipia. Anadhani bado jina lake lina deni na kwamba ninamfichia tu. Fedha nilizotumia zilikuwa za ada ya muhula wa pili ya mtoto wetu wa kwanza. Tulikuwa tumeweka 600,000, sasa zimebaki 140,000, na ada inatakiwa wiki ya kwanza ya Julai. Mume wangu hajui. Juzi aliniuliza kama nimeshalipa, nikamjibu kwamba bado shule haijatoa namba ya malipo, na tangu nimwambie hivyo sili nikashiba.

Nikisema ukweli kwenye kundi, nitakuwa nimemsaliti rafiki yangu aliyenilalamikia usiku. Nikinyamaza, itabidi nikope kwenye kikoba changu nilipe ada na nyongeza zake na zangu. Nikijitoa, watasema mweka hazina amekimbia na hesabu. Na mwenzetu wa Muscat ananiandikia kila siku akiuliza kwa nini watu hawamalizii, kwa sababu kwake yeye 130,000 si kitu. Nifanye nini, Shangazi?

Mweka hazina, Tabata

Jibu la Shangazi

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu wewe ni mtu wa hesabu na hesabu zako zinasema mambo ambayo maneno yako yameyazunguka. Nataka tuyaangalie pamoja, polepole, na ukiona mahali nimekosea kukuelewa uniwie radhi, kwa maana ninyi 12 mnajuana kwa zaidi ya miaka 20 nami nawajua kwa kurasa hizi tu.

Kama nimekuelewa, una mizigo mitatu ambayo imefungwa kwa kamba moja. Wa kwanza ni siri ya rafiki yako. Wa pili ni safari ambayo imekuwa ghali kuliko ilivyopangwa na ambayo watu hawaimalizii. Wa tatu ni ada ya mtoto na neno ulilomwambia mume wako ambalo halikuwa kweli. Umeniuliza kana kwamba ukiufungua mmoja yote itamwagika hadharani, na ndiyo maana umeibeba yote kimya. Mimi nadhani mizigo hii inaweza kufunguliwa mmoja mmoja, na kila mmoja una watu wake wa kuusikia.

Nianze na rafiki yako, kwa sababu naona moyo wako uko hapo. Rudia kusoma ulichoandika. Alikuomba umfichie; hakukuomba umlipie. Hayo ni maombi mawili tofauti, nawe kwa upendo ulijibu yote mawili. Huenda alipokupigia usiku ule alikuwa anatafuta njia ya kutoka katika safari taratibu, bila kuaga mbele ya watu, akiamini kwamba wewe utalibeba jina lake hadi lisahaulike. Huenda pia alitamani sana kwenda na alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia kwamba inawezekana. Mimi sijui ni lipi kati ya hayo, na wewe nawe hujui, kwa kuwa hamjazungumza tena jambo hilo tangu Machi. Sasa ana deni la shilingi 200,000 kwako ambalo hana habari nalo. Jiulize angejisikiaje akilijua mwezi Agosti, akiwa ndani ya boti, kutoka kwa mtu mwingine.

Una hofu kwamba ukisema utamsaliti. Lakini kuna mtu mmoja ambaye ukimwambia ukweli huu hutakuwa umemsaliti mtu yeyote, naye ni yeye mwenyewe.

Jambo la pili nitalisema kwa uangalifu, kwa maana sitaki lionekane kama lawama kwa wema wako. Mwenzenu wa Muscat alipendekeza hoteli ya Nungwi baada ya kusoma orodha yako ya Machi. Aliona majina 12, yote yamelipa, na akaandika kwamba amefurahi kuona wote mmelipa. Orodha ile ndiyo iliyomwambia kwamba 280,000 haijamuumiza mtu. Kama angeona kwamba watu 3 kati ya 12 wamekwama kwenye awamu ya pili tu, nina shaka kama angeigusa Nungwi kabisa. Kwa hiyo fedha ulizotoa kumsitiri mmoja zimesaidia kupandisha bei kwa wote, rafiki yako akiwa wa kwanza. Hukukusudia hivyo, najua. Lakini ni vizuri ukilijua, kwa sababu ukiendelea kuijaza orodha kwa nyongeza ya sasa, kitatokea kilekile, na kundi litazidi kupanga safari ya watu ambao hawapo.

Umeniandikia pia kwamba mwenzenu aliposema "asiyeweza aseme" hakuna aliyesema, mkachukulia kwamba mmekubaliana. Mwanangu, nani kati yetu angenyanyua mkono peke yake mbele ya wenzake 11 aliosoma nao, aseme mimi ndiye nisiyeweza? Mtu wa heshima akiulizwa hivyo hunyamaza, kisha huenda kutafuta pa kukopa. Vidole gumba vilikuwa 6, yaani nusu. Na baadaye jibu lilikuja kwa njia nyingine: nyongeza imelipwa na watu 4. Hao 8 wengine wamekwisha kujibu swali lile kwa mifuko yao, na barua yako inanionyesha kwamba wewe mwenyewe ni mmoja wao, kwa kuwa unafikiria kukopa kikobani ulipe nyongeza ya rafiki yako na yako. Umeandika kurasa mbili kuhusu mwenzako asiyeweza, na jina lako umelipitisha katika sentensi moja tu. Nimeliona hilo na nimekuhurumia, kwa sababu ni rahisi kwetu kumlilia mwenzetu kuliko kusema mimi pia nimeelemewa.

Na kuhusu huyo wa Muscat, nakuomba usimfanye kuwa tajiri wa hadithi. Wengi wanaokwenda kufanya kazi Oman huenda kwa mikataba ya miaka miwili, na wanaporudi likizo wanakuta ndugu wamepanga foleni mlangoni. Yawezekana hoteli ya ufukweni kwake ni siku 3 tu ambazo hakuna anayemtuma wala kumwomba, pamoja na watu waliomjua kabla hajawa "yule wa Uarabuni". Kama ni hivyo, anachokitaka ni kuwa pamoja nanyi, na huenda akajali hoteli kidogo kuliko unavyofikiri. Lakini pia yawezekana ameitamani Nungwi kwa dhati na atakasirika ikiondolewa. Yote mawili ni haki yake, na hakuna atakayejua bila kumuuliza faraghani.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapo wewe ni mwenyeji. Vyumba 6 kwa usiku 3 ni shilingi 2,880,000. Mchango wa 410,000 kwa watu 12 ni 4,920,000. Zinabaki 2,040,000, sawa na 170,000 kwa kila mtu, na hizo zinatakiwa zitoshe boti ya kwenda na kurudi, gari kutoka bandarini hadi Nungwi ambako ni mwendo wa karibu kilomita 60 na kurudi tena, milo ya mchana na usiku kwa siku zote, matembezi yoyote mtakayotaka, na makato ya kutuma na kutoa fedha kwenye simu, ambayo nimegundua hayamo popote katika barua yako ingawa kwa michango midogomidogo ya watu 12 hufika mbali. Agosti ni msimu wa juu Zanzibar, wageni kutoka Ulaya wanakuwa wengi, na migahawa ya ufukweni huweka bei kwa ajili yao. Naogopa kwamba hata mkilipa wote, bajeti ile itapungukiwa mkiwa hukohuko, na atakayepungukiwa zaidi ni yule aliyekuja na nauli tu.

Kuna jambo ambalo waandaaji wa safari za kundi hulisahau. Gharama nyingine huongezeka kwa idadi ya watu, kama nauli na chakula. Nyingine hugawanywa, kama gari la kukodi au boti ya kutembelea kisiwa. Zile zinazogawanywa ndizo zinazoleta ugomvi, kwa sababu watu 2 wakijitoa dakika za mwisho, 10 waliobaki hubeba sehemu yao. Hivyo kujua mapema nani yumo na nani hayumo ni kuwatendea haki wote, hata kama jibu lenyewe linauma.

Njia ziko kadhaa, na kila moja ina gharama yake. Mnaweza kuendelea na Nungwi kama ilivyopangwa. Faida yake ni kwamba hakuna kinachopotea katika malipo ya awali, na mwenzenu wa Muscat atafurahi. Hatari yake ni kwamba watu 8 hawajalipa nyongeza, zimebaki wiki 7 hivi, na asiyeweza kupata 130,000 leo huenda akakopa mahali pabaya ili asionekane. Kama mtachagua njia hii, jambo moja linaweza kuipunguzia makali: zile 500,000 za mwenzenu zisisubiri mtu aombe. Badala ya kumsaidia mtu, zisaidie kitu. Akilipa kwa mfano gari la wote kutoka bandarini na kurudi, na kinachobaki kiingie kwenye chakula, mchango wa kila mtu utashuka kwa zaidi ya 40,000, na hakuna atakayejulikana kwamba alisaidiwa. Sina hakika kama atakubali. Wapo watu ambao wakitoa hupenda kujua wamemgusa nani, na hilo si dhambi. Lakini ni swali la kumuuliza.

Mnaweza kurudi kwenye mpango wa kwanza wa Mji Mkongwe. Huko mtatembea kwa miguu, mtakula Forodhani jioni kila mtu kwa kadiri yake, mtakodi boti moja ya kwenda kisiwa cha Changuu na kuigawana, na anayetaka kuiona Nungwi anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo kwa daladala. Mji ule uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kusema kweli nimewahi kushangaa jinsi sisi wa bara tunavyoupita mbio kuelekea ufukweni. Mkighairi hoteli kabla ya tarehe 8 Julai mtarudishiwa 720,000 na kupoteza 720,000, yaani 60,000 kwa kila mmoja. Fedha hizo zinauma. Ziweke kando ya 130,000 ambayo watu 8 bado wanaitafuta, kisha mwone kama bado zinauma vilevile. Na kabla ya kughairi, waulizeni hotelini kama wanaweza kupunguza usiku 3 uwe mmoja, na yale malipo ya awali yahesabiwe humo. Wakati mwingine mwenye hoteli hupendelea mgeni wa usiku mmoja kuliko mzozo wa marejesho.

Ipo njia ya tatu ambayo nimeiwaza kwa sababu ulitaja shule yenu. Kwa nini miaka 20 ya Morogoro isiadhimishwe Morogoro? Treni ya SGR ilipoanza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, nauli iliyotangazwa kwa treni ya kawaida ilikuwa shilingi 13,000, na safari huchukua chini ya saa mbili. Kutoka mjini hadi Hifadhi ya Mikumi ni karibu kilomita 100, barabara kuu ya Iringa inapita katikati ya hifadhi, na Agosti ni kiangazi, wanyama husogelea maji, hivyo huonekana kwa urahisi. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, kwa kiwango cha chini sana kuliko cha mgeni. Mkikodi Coaster moja kwa siku moja mkaigawana kwa watu 12, hamtakuwa mbali na mlichokwisha kuchanga. Lakini sitakuficha ubaya wake: wiki ya Nane Nane Morogoro hufanyika maonyesho ya wakulima ya Kanda ya Mashariki, nyumba za wageni hujaa na bei hupanda, na tiketi za treni za sikukuu huisha mapema. Njia hii ingewezekana zaidi mkisogeza tarehe kwa wiki moja au mbili, jambo linalotegemea likizo ya mwenzenu. Tena mtakuwa mmepoteza zile 60,000 kila mmoja, na wapo watakaosema walitaka bahari.

Na ikishindikana yote, kuna Bagamoyo, kilomita 70 hivi, kwenda asubuhi na kurudi jioni. Si safari uliyoiota, najua, ila nimeitaja kwa sababu genge la rafiki yako linaweza kufungwa siku moja, na huenda haliwezi kufungwa siku 4. Mtu wa genge akifunga anapoteza mauzo, na mboga zinaharibika. Hiyo nayo ni gharama ambayo haimo kwenye 410,000.

Yote hayo yanategemea kupata majibu ya kweli, na majibu ya kweli hayatapatikana kwenye kundi. Wewe una namba zao zote. Unaweza kumwandikia kila mmoja peke yake ujumbe uleule, usiotaja jina la mtu, ukimwomba akutajie kiasi cha juu ambacho anaweza kutoa bila kukopa, na kwamba jibu lake litabaki kwako. Kisha utawaletea wote takwimu bila majina: wangapi wako karibu na 280,000, wangapi wanafika 410,000, wangapi wako chini. Kuna hatari kwamba wengine watajibu kwa fahari, na kuna hatari kwamba utabaki na siri 11 badala ya 3. Kama unaona huwezi kuzibeba, mwombe mwenzako mmoja mtulivu akusaidie kuzipokea, kwa sababu kazi ya hazina ni ya watu wawili hata pale ambapo hakuna tatizo.

Kuhusu shilingi 460,000, sitakuamulia. Naona tu kwamba madeni yenyewe si sawa. Wale wawili waliokuahidi mwisho wa mwezi wanajua wanadaiwa, na jumla yao ni 260,000. Kuwakumbusha si kuwaaibisha, na pengine hao ndio mlango wa kwanza wa kubisha kabla ya ule wa kikoba. Ile 200,000 ni jambo kati yako na rafiki yako baada ya kuzungumza. Unaweza kuamua kumsamehe, kama mume wako atakuwa anajua na anakubali, au mnaweza kukubaliana aitoe kidogokidogo, au ajitoe kwenye safari na fedha hizo zirudi kwako. Kwa hesabu zako, kwenye simu yako sasa kuna shilingi 2,440,000 za kundi. Utashawishika kuchukua zako humo kimyakimya, ulipe ada, kisha ujaze baadaye. Nakuelewa kabisa, na kwa upande mmoja ni fedha zako. Lakini orodha inasema ni za watu wengine, na siku itakapoulizwa huna karatasi ya kuonyesha. Kama utazichukua, ni heri orodha irekebishwe kwanza, hata kama marekebisho yenyewe yatasema tu kwamba michango mitatu iliyoandikwa ilikuwa mkopo wa muda na sasa imeondolewa, bila kutaja ya nani. Wapo watakaobahatisha majina. Zungumza na wenye majina kabla hujaliandika.

Mume wako sijamsahau. Hukuniandikia ni mtu wa namna gani, hukusema kama ni mkali au ni mpole, umesema tu kwamba hajui na kwamba huli ukashiba. Nimejiuliza kama unaogopa hasira yake, au unaogopa aone kwamba umemweka rafiki mbele ya mtoto. Kama kuna jambo katika nyumba yenu linalofanya kusema ukweli kuwa hatari kwako, niandikie tena, tuzungumze kwa namna nyingine. Kama hakuna, fikiria tofauti kati ya kumwambia leo, ukiwa na 140,000 mkononi, ahadi za 260,000 unazozifuatilia na siku kadhaa za kuuliza shule kama inapokea ada kwa awamu, na kumwambia Julai mtoto akiwa amerudishwa getini. Shule nyingi hukubali awamu mzazi anapokwenda mapema, na huenda yeye ndiye atakayekwenda kuomba.

Umeniuliza ufanye nini, nami nimekurundikia maswali. Kama ungeniuliza ningeanzia wapi ningekuwa mimi, ningeacha kundi kwanza. Ningepanda daladala ya Mbagala siku ya jioni, wateja wanapopungua, nikae kwenye kiti chake kile cha genge nimsaidie kupanga nyanya zilizobaki, nimwambie kwamba jina lake limelipwa na aliyelilipa ni mimi, na kwamba mimi nami nyongeza sina. Kisha ningenyamaza nimsikilize. Yeye alikuwa kitanda cha juu, wewe cha chini; nadhani ana jambo la kukuambia ambalo hajalisema tangu Machi, na ningefurahi kulijua ukipata nafasi ya kuniandikia.

Wako,
Shangazi